Pumzi ya Injini: Historia ya Silinda Hedi Zilizosagwa

Septemba 1935, William Lyons aliwaalika wauzaji wa magari katika Hoteli ya Mayfair, London, akawaonyesha gari jipya la kampuni yake ya SS Cars ya Coventry. Kabla ya kutaja bei, aliwaomba wageni waikisie. Wastani wa makisio yao ulifika pauni 632. Bei yenyewe ilikuwa chini ya pauni 400. Hilo ndilo gari la kwanza kubeba jina la Jaguar, na kilichowashangaza watu si umbo lake zuri peke yake. Chini ya boneti kulikuwa na injini ya lita 2.7 iliyotoa zaidi ya nguvu farasi 100, ilhali bloku yake ilitoka kwa kampuni ya Standard, na injini ile ya Standard ilivyokuwa mwanzo haikuvuka sana 70.

Bloku ile, ujazo uleule. Nguvu farasi 30 na ushei zilitoka wapi?

Zilitoka kwenye silinda hedi. Lyons hakuwa na fedha za kubuni injini nzima, basi alimtafuta Harry Weslake, mzaliwa wa Exeter aliyeanzia kwenye kabureta na ambaye tayari alikuwa amezifanyia kazi injini za Bentley. Katika injini ya Standard valvu zilisimama kando ya silinda, ndani ya bloku, hivyo hewa ilibidi ipande, igeuke, kisha ishuke juu ya pistoni. Weslake alizihamishia valvu juu, akachora njia mpya za hewa, akaahidi nguvu farasi 95. Injini ilipopimwa, ahadi hiyo ilikuwa imepitwa. Siri yake ilikuwa kwamba alipima hewa inavyopita ndani ya hedi kabla injini haijawashwa, wakati ambapo wahandisi wengi waliridhika na njia iliyoonekana pana na laini kwa macho.

Upimaji wenyewe haujabadilika sana tangu siku zake. Hedi hufungwa juu ya bomba lenye kipenyo sawa na cha silinda, na feni yenye nguvu huvuta hewa kupitia njia ya hewa na valvu. Mrija wa kioo wenye maji huonyesha tofauti ya shinikizo kati ya nje na ndani. Fundi huifungua valvu kwa skrubu, kidogo kidogo, huku saa ndogo yenye mshale ikimwonyesha imeinuka kiasi gani. Kila baada ya milimita moja na robo hivi husimama, husoma, huandika. Akimaliza, huchukua udongo laini wa plastisini, huubandika kwenye sakafu ya njia, kisha huanza upya. Ikiwa sehemu imezibwa na namba haijashuka, basi hewa haikuwa ikipita hapo hata kidogo, na chuma kilichokatwa hapo kilikatwa bure.

Mara nyingi plastisini hutoa majibu ambayo macho hayayatarajii. Karibu na siti ya valvu, njia hupinda ghafla kuelekea silinda. Hewa iendayo kasi hushindwa kuifuata kona ya ndani, kama basi lililoingia kona kwa mwendo mkali likatupwa upande wa nje, na nyuma ya kona hiyo hubaki vurugu isiyolisha chochote. Fundi akiichimba sakafu ili apate nafasi zaidi, huifanya kona iwe kali zaidi, na namba hushuka. Ndiyo maana wengi walioshika mashine ya kusagia wakapanua kila palipofikika waliishia na hedi mbovu kuliko waliyoanza nayo. Pembe zinazokatwa kwenye siti, umbo la bakuli lililo juu yake na mviringo wa ile kona fupi hufanya kazi kubwa kuliko mdomo wote wa njia unaoonekana manifoldi ikitolewa.

Weslake aliendelea na Jaguar. Mwaka 1948, pamoja na William Heynes, Walter Hassan na Claude Baily, alishiriki kuipa dunia injini ya XK: sentimita za ujazo 3,442, nguvu farasi 160, na hedi ya aluminiamu ambayo njia zake ziliingiza hewa kwa kuizungusha. Iliendesha magari yaliyoshinda Le Mans mara tano kati ya 1951 na 1957, na haikuacha kutengenezwa hadi 1992. Chumba cha kuchomea chenye umbo la moyo katika injini ndogo ya Austin, iliyozaliwa 1951 na baadaye kuwekwa kwenye Mini, kilikuwa pia kazi yake.

Injini hiyo ya Mini ilikuwa shule kali. Ina silinda nne, lakini njia za kuingiza hewa ni mbili tu: silinda ya kwanza na ya pili hunyonya katika njia moja, ya tatu na ya nne katika nyingine. Majirani hao huvuta wakifuatana kwa karibu, na mmoja humpunguzia mwenzake. Katika kijiji cha Downton, Wiltshire, Daniel Richmond alijenga jina kwa kuzisaga hedi hizo kwa mkono hadi BMC yenyewe, kampuni iliyotengeneza Mini, ikamfanya mshauri wake. Baadaye David Vizard alijitengenezea benchi la kupimia hewa na kuanza kuchapisha alichokipata, namba kwa namba. Kuanzia hapo kijana mwenye gereji nyuma ya nyumba aliweza kujua kitu ambacho awali kilijulikana viwandani tu. Ni vigumu kutaja mtu mwingine aliyeifungua elimu hii kwa watu wa kawaida kwa kiasi hicho.

Lakini somo kubwa zaidi kuhusu gari la barabarani lilitoka Marekani, na lililipiwa na kampuni ya Ford.

Mashindano ya Trans-Am ya miaka ya 1960 yaliruhusu injini zisizozidi lita 5. Chevrolet ilikuja na Camaro Z/28, yenye injini iliyotokana na ile V8 ndogo ya 1955. Kwa msimu wa 1968, Ford iliamua kushinda kwa pumzi. Wahandisi wake walichora hedi yenye njia za hewa kubwa na zilizonyooka mno, hata vijiti vinavyoisukuma valvu vikakosa pa kupita. Suluhisho lao lilikuwa kupitisha kijiti ndani ya mrija uliokatiza katikati ya njia ya hewa yenyewe. Kwenye karatasi hedi hiyo ilikuwa ya kutisha.

Uwanjani ilikuwa msiba. Nguvu zilianza kuonekana injini ikiwa juu sana, na chini ya hapo gari halikuvuta. Madereva walilazimika kuizungusha injini kupita kiasi ili wabaki katika eneo lenye nguvu, na sehemu za chini, pamoja na mfumo wake wa oili, hazikuhimili. Injini zilikufa moja baada ya nyingine. Mark Donohue, akiwa na Camaro, alishinda mashindano 10 kati ya 13 ya msimu ule.

Ford ilirudi 1969 na wazo bora. Kwa ajili ya familia mpya ya injini ambayo ingetengenezwa Cleveland, Ohio, ilikuwa imebuni hedi zenye valvu zilizolazwa pembeni, kila moja ikielekea katikati ya silinda ili hewa isikwaruze ukuta. Hedi hizo zilifungwa juu ya bloku ndogo ya lita 4.9, na gari likaitwa Boss 302. Valvu ya kuingizia hewa ilikuwa na kipenyo cha milimita 56.6, ilhali katika injini ya kawaida ya ujazo huohuo ilikuwa 45 hivi. Mwaka uliofuata Ford ilifanya jambo ambalo watu hulipita haraka wanaposimulia historia hii: iliipunguza valvu hiyo hadi milimita 55.6. Kampuni iliyotaka ushindi kwa udi na uvumba ilikubali kurudi nyuma milimita moja. Mwaka huohuo, 1970, Parnelli Jones na George Follmer wa timu ya Bud Moore waliipatia Ford ubingwa.

Wakati huo wanunuzi wa kawaida walikuwa wakikutana na swali hilohilo madukani. Injini ya Cleveland ya lita 5.8 iliuzwa na hedi za aina mbili. Moja, ya kabureta ya midomo minne, ilikuwa na njia kubwa mno na valvu za milimita 55.6. Nyingine, ya midomo miwili, ilikuwa na njia nyembamba na valvu za milimita 51.8. Juu ya benchi ile kubwa huipita nyingine kwa mbali. Katika foleni ya magari, au mtu anapotaka kulipita lori kwenye mlima akiwa kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, mambo hugeuka.

Sababu ni kasi ya hewa. Kiasi cha hewa kinachohitajika kwenye mizunguko ya chini ni kidogo, na kikipitishwa katika njia pana hutambaa. Matone ya petroli kutoka kwenye kabureta hudondoka na kulowanisha kuta. Lililo baya zaidi ni kwamba valvu ya kuingizia hufunga pistoni ikiwa imeshaanza kupanda: hewa yenye kasi huendelea kujisukuma ndani hata hapo, kwa msukumo wake yenyewe, lakini hewa mvivu hurudishwa ilikotoka. Hedi ndogo hujaza silinda vizuri zaidi pale ambapo gari la barabarani linaishi muda mwingi, na ile kubwa hudai mizunguko ambayo dereva wa kawaida huifikia mara chache kwa wiki.

Waaustralia waliuelewa mchezo huu mapema. Tawi la Ford la huko lilitengeneza Cleveland ya lita 4.9 ambayo hedi zake zilichanganya njia ndogo na chumba kidogo cha kuchomea kinachobana zaidi. Wamarekani wenye Cleveland kubwa walianza kuziagiza kutoka ng'ambo ya bahari ili wazifunge kwenye magari yao. Wengine walibaki na hedi kubwa lakini wakajaza sakafu za njia kwa gundi ngumu au vipande vya chuma. Walilipa fedha ili wapunguze kile ambacho wenzao walilipa fedha ili wapanue.

Kulikuwa na njia nyingine ya kukwepa mgongano huo, nayo ni kuzidisha idadi ya valvu. Hesabu yake ni nyepesi. Valvu moja ya milimita 50 ina mzingo wa milimita 157. Valvu mbili za milimita 36 zina eneo karibu lilelile, lakini mizingo yake kwa pamoja ni milimita 226. Valvu ikiwa imeinuka kidogo tu, hewa hupita kwenye uwazi unaouzunguka mzingo wake, kwa hiyo valvu mbili ndogo huipa injini pumzi mapema zaidi. Wazo hilo lilikuwepo tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, lakini Keith Duckworth wa Cosworth ndiye aliyelitengeneza upya katika miaka ya 1960: valvu nne kwa silinda, zikisimama karibu wima, na njia za hewa zenye mteremko mkali. Injini yake ya DFV ilishinda mara ya kwanza ilipoingia mashindanoni, Zandvoort, Juni 1967, Jim Clark akiwa usukani. Binamu yake wa barabarani, BDA, aliingia katika Ford Escort RS1600, na gari hilo ndilo ambalo Hannu Mikkola na Gunnar Palm walishindia Safari Rally ya 1972. Kabla yao hakuna dereva kutoka nje ya Afrika Mashariki aliyewahi kuishinda.

Toyota ilipoleta injini ya 4A-GE mwaka 1983, yenye valvu 16 na lita 1.6, iliipa njia kubwa za kuingiza hewa, kisha ikaogopa matokeo yake kwenye mizunguko ya chini. Ikaongeza vipepeo vilivyofunga njia moja kati ya kila mbili hadi injini ichangamke. Miaka michache baadaye vipepeo hivyo viliondolewa na njia zenyewe zikatengenezwa ndogo. Injini za aina hiyo ya pili zilibana mchanganyiko zaidi na zilitoa nguvu nyingi kuliko za kwanza, na mafundi wa Toyota hadi leo hutofautisha injini hizo kwa ukubwa wa njia za hewa kabla ya kuuliza kitu kingine.

Katika miaka ya 1970 mabenchi madogo ya kupimia hewa yalianza kuuzwa kwa gereji za kawaida Marekani, na vita vya namba vikaanza. Kipimo kilikuwa futi za ujazo kwa dakika, na kila muuzaji wa hedi alitaka namba yake iwe kubwa kuliko ya jirani. Namba hizo zilihitaji kusomwa kwa uangalifu kuliko wanunuzi wengi walivyofanya. Hedi iliyopitisha futi 140 benchi likivuta kwa inchi 10 za maji itapitisha takriban 234 benchi likivuta kwa inchi 28, kwa kuwa mtiririko huongezeka kwa kipeuo cha pili cha uwiano wa mashinikizo. Ni hedi ileile. Bomba la chini likiwa pana kuliko silinda halisi, namba hupanda. Mdomo wa njia ukizungushiwa plastisini laini hupanda tena, na upande wa eksozi hutoa namba mbili tofauti kutegemea kama bomba fupi limefungwa au halikufungwa.

Kuna kanuni ambayo mafundi wa V8 huitumia sana: zidisha mtiririko wa inchi 28 kwa idadi ya silinda, kisha kwa 0.257, upate nguvu farasi ambazo hedi inaweza kuzibeba. Futi 234 kwenye silinda nane ni kama 480. Kanuni hiyo husema kilele tu. Haisemi gari litavutaje kutoka kwenye taa za barabarani. Tena kilele cha namba mara nyingi hupimwa valvu ikiwa imeinuka milimita 15, ilhali kamshafti ya gari la kawaida lenye nguvu huiinua 12 au chini yake. Zaidi ya hayo, valvu hupita kila mwinuko wa kati mara mbili, inapofunguka na inapofunga, na kileleni hufika mara moja. Mtu akizilinganisha hedi mbili kwa mstari wa mwisho wa karatasi pekee, analinganisha sehemu ambayo injini yake huenda isiifikie kamwe.

Ushahidi mzuri kuliko wote ulitoka mahali pasipo na fahari yoyote. Mwaka 1996 General Motors iliziwekea pikapu zake za lita 5.7 hedi mpya za chuma cha kusubu zilizoitwa Vortec. Njia zake zilikuwa na ujazo wa takriban sentimita 170, valvu ya kuingizia ikiwa na milimita 49.3. Zile hedi maarufu za Corvette za miaka ya 1960, ambazo watu walizitafuta kwenye makaburi ya magari kwa miaka 30, zilikuwa na valvu ya milimita 51.3. Hedi ya pikapu ilizishinda. Umbo la bakuli, kona fupi na chumba cha kuchomea vilikuwa vimefikiriwa upya, na valvu ndogo ikapitisha hewa nyingi zaidi. Dosari yake ni kwamba kamshafti inayoinua valvu zaidi ya milimita 12 hivi huhitaji miongozo ya shina za valvu ipunguzwe kwanza, la sivyo vyuma hugongana.

Miaka 10 baadaye kampuni hiyohiyo ilifanya kiwandani kazi iliyokuwa ya mkono. Injini ya LS7 ya Corvette Z06 ya 2006 ilikuja na njia za hewa na vyumba vya kuchomea vilivyokatwa na mashine zinazoongozwa na kompyuta, kila njia ikifanana na mwenzake. Kila injini iliunganishwa kwa mkono huko Wixom, Michigan. Lita 7.0, valvu mbili tu kwa silinda, nguvu farasi 505, na gari likawa linakwenda sokoni na kurudi bila kulalamika. Valvu yake ya kuingizia, ya titani, ilikuwa na milimita 56, pungufu kidogo ya ile ya Boss 302 ya 1969. Tofauti ni kwamba Ford ilikuwa imeifunga valvu ya namna hiyo juu ya lita 4.9. Kwenye lita 7 hewa inayodaiwa na pistoni ni nyingi kiasi kwamba hata njia kubwa hubaki na kasi.

Leo kampuni kama Air Flow Research, iliyoanza California mwaka 1970 kwa kusaga hedi za Chevrolet, huuza hedi za injini ndogo ya Chevrolet kwa ngazi za ujazo wa njia: sentimita 180, 195, 210, 220, 227. Fundi makini huanza kwa kuuliza injini ni lita ngapi, kamshafti inainua kiasi gani, gia ya ekseli ya nyuma ni ipi, na mwenye gari anaendesha wapi. Halafu hupekua karatasi za vipimo akitazama mistari ya katikati, pale valvu ilipoinuka milimita 5, 7 na 10, na huhakikisha zote zilipimwa kwa inchi 28 na kwa bomba la kipenyo kimoja. Hedi mbili zikikaribiana hapo, yenye njia ndogo zaidi inapitisha hewa ileile kwa kasi kubwa zaidi. Kwa lita 5.7 zinazokwenda kazini kila asubuhi na uwanjani mara moja moja, wengi huishia kwenye 195, na ile 227 hubaki rafuni ikimsubiri mwenye lita 6.5 na kamshafti inayoziacha valvu wazi kwa muda mrefu.